Kikulacho ki Nguoni Mwako: Linda Rejista ya Kompyuta

Mpwa wangu ana saiba ndogo mjini Eldoret, yenye kompyuta sita. Wateja wake ni wanafunzi wa vyuo, wakulima wanaotafuta huduma za eCitizen na watu wanaowasilisha hesabu zao za kodi kwa KRA. Nilipomtembelea kutoka Mombasa nilimkuta amechoka. "Mjomba, hiki kirusi nakifuta jioni, asubuhi kimerudi," akaniambia.

Alikuwa akifuta faili aliyoiona. Rejista hakuigusa.

Rejista ni daftari ambamo Windows huweka mipangilio yake na ya programu nyingi. Ilianza na Windows 3.1 mwaka 1992, na tangu Windows 95 imekuwa nguzo ya mfumo mzima. Unapoingia kwenye kompyuta, mfumo hulisoma daftari hilo ujue nini cha kuamsha. Programu mbovu ikiandika humo mstari mmoja tu, itaamshwa kila siku kama mgeni mwalikwa.

Tuliandika neno regedit kwenye sehemu ya kutafutia, tukafuata njia hii: HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run. Tukakuta jina lisiloeleweka, likielekeza kwenye nakala ya pili iliyofichwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikizaa ile ya kwanza kila asubuhi.

Je, mtu aweza kuzuia mabadiliko yote? Hapana. Windows yenyewe huandika humo kila wakati, na programu ya kukuuliza kila mara itakuchosha mpaka ubonyeze "ndiyo" bila kusoma. Linda milango michache ambayo wezi huipenda.

Kwanza, mteja asitumie akaunti ya msimamizi. Mpe akaunti ya kawaida, na sehemu ya HKEY_LOCAL_MACHINE, inayohusu kompyuta nzima, kwa kawaida hataweza kuibadilisha. Lakini ile Run ya mtumiaji hubaki wazi, kwa kuwa ni sehemu yake mwenyewe. Kwa hivyo, akaunti pekee haitoshi.

Pili, tumia Autoruns, programu ya bure ya Sysinternals, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006. Huorodhesha kila kinachojiamsha. Hifadhi orodha kompyuta ikiwa safi, kisha ilinganishe kila wiki. Kitu kipya utakiona. Anayetaka kumbukumbu kamili aweke Sysmon na kuipangia funguo za kufuatilia. Tukio namba 13 huonyesha thamani iliyoandikwa, na programu iliyoiandika.

Tatu, ukitumia Defender, hakikisha kinga yake dhidi ya kuchezewa imewashwa, ili programu mbovu isiizime kupitia rejista.

Nne, kabla ya kufuta chochote kwenye rejista, hifadhi nakala yake. Ukikosea mstari, kompyuta yaweza kukataa kuwaka.

Na flashi? Kirusi cha Conficker, kilichojitokeza mwaka 2008, kilienea pia kwa flashi zilizojifungua zenyewe. Tangu Windows 7 flashi haziamshi programu zenyewe, lakini mteja akibonyeza faili asiyoijua, mlango ameufungua kwa mkono wake. Zikaguliwe kwanza.

Usafi ulipokwisha, nilimwambia mpwa wangu jambo lililomkera: awaarifu wateja wabadilishe nywila zao, na wafanye hivyo kwenye kifaa kilicho safi. Programu inayojiamsha bila idhini yaweza pia kunakili kila herufi unayobonyeza. "Mjomba, watanikimbia," akasema. Nikamjibu kwamba mtu anayeandika nywila yake ya KRA kwenye kompyuta yako amekuachia amana, na amana haifichwi ufa.

Usiku ule hakunijibu. Asubuhi nilikuta karatasi mlangoni, kwa mwandiko wake: "Kompyuta zetu zilikuwa na kirusi. Zimesafishwa. Tafadhali badilisha nywila yako." Mteja wa kwanza aliisoma, akamtazama, kisha akaingia na kuketi.