Mwindo iko upande gani? Sheria, wema na ubaya katika michezo ya mashujaa

Kuna michezo ambamo kila mwenye kucheza anajichagulia mtu wa hadithi: askari, mchawi ao mwizi. Mmoja anasimulia na kuongoza, wengine wanasema mtu wao anafanya nini, kisha dadu inaamua kama amefaulu. Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974.

Ndani yake kila mtu wa hadithi ana msimamo. Mwanzoni ilikuwa mitatu tu: sheria, fujo na katikati. Kufikia 1978 ikawa tisa, kwa sababu yanaulizwa maswali mawili. La kwanza: huyu anafuata sheria, anajiendea anavyotaka, ao iko katikati? La pili: anatendea wengine wema, ubaya, ao iko katikati? Tatu mara tatu, njo tisa.

Tuchukue mfano wa kwetu. Wanyanga wa Walikale, Kivu ya Kaskazini, wana hadithi ya Mwindo. Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956, nao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaitoa kitabuni mwaka 1969.

Shemwindo, mwami wa Tubondo, alitoa amri: wake zake wazae mabinti tu, mtoto mwanaume atauawa. Mwindo alipozaliwa, baba alimrushia mkuki, akamzika mzima, akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Hayo yote kwa amri ya mwenye mamlaka! Kumbe mtu anaweza kuwa upande wa sheria na bado akawa mbaya.

Na Mwindo? Alipinga amri ya baba, alijisifu sana, lakini alipomkamata baba yake hakumuua, waligawana utawala. Tungesema: mwema, ila wa fujo. Baadaye aliua joka Kirimu, lililomeza watu wake. Nkuba, mwenye radi, alikuwa rafiki wa joka hilo. Akamchukua Mwindo juu mbinguni, akateswa na baridi, mvua na jua mwaka mzima. Aliporudi alifundisha watu kulima, kuishi bila ugomvi na kutocheka wagonjwa. Amehamia upande wa sheria na wema.

Katika mchezo pia msimamo hautoki tumboni mwa mama. Mwongozaji anatazama matendo: ukijiita mwema na unatesa wafungwa, anaweza kukubadilishia. Kwa kanuni za zamani paladini, yaani askari mtakatifu, akifanya uovu kwa kusudi alipoteza nguvu zake.

Sisi wa Kamanyola na Uvira tunajua amri inaweza kutoka juu na ikaumiza raia. Kwa hiyo, kabla ya kusema fulani ni mtu mzuri kwani anafuata amri, uliza na swali la pili: amri hiyo inamtendea nani nini?