Pumzi ya Mkekani Ilitoka Wapi?

Hapa Vurra, kila mara watu wa mashirika wakitukalisha mkekani na kutuambia tuvute pumzi polepole, tuishike, tuiachie, lazima mmoja aulize: hii si dini ya Wahindi? Wengine wanataja na jina lenyewe, tantra. Hapo kuna wanaocheka, maana wamesikia ni mambo ya kitandani, na kuna wanaoogopa, maana wameambiwa eti ni mashetani. Kuna mama ameacha kabisa kuja, na usingizi hapati. Basi swali lijibiwe.

Neno ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Asili yake ni kufuma: mtande, zile nyuzi zinazonyooshwa kwanza kabla mfumaji hajapitisha uzi. (Kufanana na "tanda" yetu ni bahati tu.) Baadaye likawa jina la vitabu vya mafundisho vilivyoanza kuonekana karibu mwaka 500, kwa wafuasi wa Shiva, wa miungu wa kike na wa Buddha pia. Kashmir, karibu mwaka 1000, mwalimu Abhinavagupta aliyapanga mafundisho hayo katika kitabu kikubwa, Tantraloka.

Watawa wengi wa India waliuona mwili kuwa mzigo wa kukimbiwa. Watu wa tantra wakasema hapana, ulimwengu wote umo humu humu mwilini. Nguvu, wanayoiita Shakti, imelala chini ya uti wa mgongo kama nyoka aliyejikunja. Inaamshwa kwa pumzi na kwa maneno matakatifu yanayorudiwa, inapanda kituo kwa kituo mpaka utosini, inaungana na Shiva. Tena mlango wao ulikuwa mpana: katika njia nyingi mwanamke na mtu wa tabaka la chini waliweza kupokelewa na mwalimu. Tusiwapambe lakini. Wakitoka nje, tabaka lilikuwa palepale.

Na ya kitandani? Yapo. Makundi fulani, kwa siri, yalitumia pombe, nyama na tendo la ndoa, vitu vya unajisi kwa Mbrahmani, ili kuuvunja woga wa unajisi wenyewe. Ni sehemu ndogo. Wamisionari na watawala Waingereza wakaishika hiyo, mengine wakayaacha. Jaji mmoja wa Calcutta, John Woodroffe, aliyetaka kuyaeleza vizuri, aliandika kwa jina la Arthur Avalon. Baadaye Ulaya na Marekani wakaichukua sehemu ile ile ndogo, wakaiuza.

West Nile tunaujua mchezo huo. Rembe, Mkakwa, aliwapa Walugbara maji ya Yakan wanywe. Walikuwa wamechoshwa na magonjwa, ng'ombe wanakufa, wageni wenye bunduki wameingia. Rembe aliuawa Yei mwaka 1917, na 1919 serikali ikaivunja Yakan kwa nguvu. Ukisoma maneno ya maofisa peke yake utaona uasi na ushirikina tu. Kiu ya wale watu huioni.

Sasa turudi mkekani. Mazoezi yale ni ya ukoo wa hatha yoga, iliyochukua pumzi ya tantra na kupunguza sana ibada. Kitabu chake mashuhuri, Hathapradipika, ni cha karne ya 15. Katika karne ya 20 walimu wa India waliyageuza zaidi kuwa mazoezi ya viungo, yakaenda Ulaya na Marekani, ndipo yakatufikia kwa gari la shirika. Hayakuletwa na Wahindi wa maduka, wale ambao Amin aliwapa siku 90 mwaka 1972.

Kwa hiyo, mama, ukivuta pumzi na kuhesabu mpaka nne, humuiti Shiva. Ukiambiwa urudie neno usilolijua, hapo uliza maana yake, na una haki ya kunyamaza wenzako wakilisema. Nanyi wa mashirika, tuelezeni haya siku ya kwanza, kabla hamjatuambia tufumbe macho.