Meza ya Mlangoni: Historia Fupi ya Idara za Dharura Johannesburg

Sisi wa Afrika Mashariki tulioweka makazi hapa Joni, wengi wetu hospitali tunaijua kwa mlango mmoja tu, ule wa dharura. Wenyeji huuita kasualti, na neno hilo limeshaingia katika Kiswahili chetu cha Yeoville na Mayfair. Daktari wa familia ni kwa wenye bima. Kliniki nyingi hufungwa jioni. Ikifika saa tatu usiku, iwe ni pumu ya mtoto, iwe ni kisu cha Hillbrow, iwe ni ajali ya teksi, njia ni hiyo hiyo moja.

Tunaoandika haya ni watu wa uhandisi, si waganga. Tulisomea majengo na maji nchini India, na katika fani yetu ukitaka kuujua mtambo huanzii kwenye injini, unaanzia pale kitu kinapoingilia. Kila idara ya dharura ina meza karibu na mlango, na nyuma ya meza yuko mtu anayeuliza swali la kwanza. Kwa maoni yetu, historia ya idara hizi katika Afrika Kusini ni historia ya swali hilo.

Kwa muda mrefu swali halikuhitaji hata kutamkwa, kwa sababu jibu lilikuwa usoni. Dhahabu ilipatikana hapa mwaka 1886, na hospitali ya mji ikafunguliwa mwaka 1890 juu ya kilima, mahali ambapo leo ni Hillbrow. Wachimbaji weusi walikuwa na hospitali za migodi. Humo ndimo walimopokelewa pia wazee wetu wa Rungwe waliokuja na Wenela, lile shirika la kuandikisha vibarua, mpaka Tanganyika ilipopata uhuru na kuufunga mlango huo. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kutoka kwetu kulazwa Joni.

Hospitali kubwa ya weusi ilipatikana kwa bahati ya vita. Waingereza walikuwa wakihitaji pa kuwatibia askari wao, wakajenga kambi ya hospitali kando ya barabara ya Potchefstroom, kusini-magharibi ya mji, ikafunguliwa mwaka 1942. Vita vilipokwisha serikali ya Afrika Kusini iliinunua, na mwaka 1948 ikaanza kuwapokea raia weusi. Hiyo ndiyo Baragwanath, ambayo watu huiita Bara, na tangu mwaka 1997 imebeba pia jina la Chris Hani. Anayeitembelea leo bado ataiona kambi ile: majengo mafupi yaliyotawanyika, korido ndefu, mgonjwa akisukumwa kwenye machela kutoka upande mmoja hadi mwingine. Walioichora walifikiria majeruhi waliokwisha kupata huduma ya kwanza mahali pengine na sasa wanauguza vidonda. Hawakufikiria mji mzima wa Soweto kuangukia mlango mmoja usiku wa Jumamosi. Hospitali hiyo yenye vitanda zaidi ya 3,000 imewahi kueleza kwamba asilimia 70 hivi ya wanaolazwa huingia kama wagonjwa wa dharura. Kwa lugha yetu ya kazi, bomba la tahadhari limegeuka kuwa bomba kuu.

Weupe nao walijengewa jumba jipya la zege huko Parktown, lililoanza kazi mwaka 1978, lenye vitanda zaidi ya 1,000. Magari ya wagonjwa yalikuwa ya rangi mbili pia, si kwa rangi ya bati bali kwa rangi ya aliyeruhusiwa kupanda. Mwaka 1987 madaktari 101 wa Bara walitia sahihi barua katika jarida la kitabibu la nchi hii, wakieleza jinsi wagonjwa walivyokuwa wakilala sakafuni. Wakuu wa serikali walikasirika, na waliokataa kuomba radhi wakaonja hasira hizo katika ajira zao. Wakati huo huo, kilomita chache kutoka hapo, wodi za weupe zilikuwa na vitanda vitupu. Mei 1990 waziri wa afya, Rina Venter, alitangaza kwamba hospitali za serikali zifunguliwe kwa watu wa rangi zote.

Lakini tumeruka jambo moja ambalo hatupendi lisahauliwe. Tarehe 16 Juni 1976, polisi walipowafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto, watoto wengi walikimbizwa Bara. Polisi wakataka orodha ya wote waliofika na majeraha ya risasi, ili wakamatwe kwa kosa la fujo. Utawala wa hospitali ukawapelekea madaktari ombi hilo. Madaktari wakakataa kuandika orodha, na kwenye daftari jeraha la risasi likaandikwa kuwa ni jipu. Hebu fikiri: siku hiyo Soweto ilipatwa na ugonjwa wa majipu ambao hakuna kitabu cha tiba kinachoujua. Waliokuwa kwenye meza waliona kwamba swali wanalotakiwa kuuliza si la tiba, wakaliharibu kwa kalamu.

Katiba ya mwaka 1996 ililiweka jambo hilo katika sentensi moja fupi. Kifungu cha 27(3) kinasema kwamba hakuna mtu anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Hakikusema raia, kilisema mtu. Kesi ya kwanza ilikuja upesi. Bwana Thiagraj Soobramoney wa Durban, ambaye figo zake zilikuwa zimekufa, alitaka hospitali ya serikali imsafishe damu kwa mashine, naye alikuwa amekataliwa kwa sababu mashine zilikuwa chache. Novemba 1997 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba dharura ni janga la ghafla, na kwamba ugonjwa wa kudumu unaohitaji mashine kila wiki hauingii humo. Alifariki siku chache baadaye. Kueleza dharura ni nini, majaji walitaja kesi ya India ya mtu aliyeanguka kutoka kwenye treni, akaumia kichwa, akazungushwa hospitali moja hadi nyingine za serikali huko Kolkata bila kupokelewa. Hicho, walisema, ndicho kifungu kilichokusudiwa kukizuia. Sisi tuliosoma India hatukushangaa mfano kutoka huko.

Rangi ilipoondoka mezani, pesa ilikuwa tayari imekaa. Katika nchi hii watu 16 hivi katika kila 100 ndio wenye bima ya afya, na kwao kuna idara za dharura za hospitali za kulipia, zenye helikopta na magari yao. Sheria ya Afya ya Taifa ya mwaka 2003 inasema mtoa huduma yeyote, wa serikali au wa binafsi, haruhusiwi kumkatalia mtu matibabu ya dharura. Ndugu yetu mmoja aligongwa na gari miaka kadhaa iliyopita, akapelekwa hospitali ya kulipia iliyokuwa karibu. Walimfunga mguu, wakamwekea dripu, damu ikakata. Ndipo karani akaja na karatasi ya amana, na kiasi kilichoandikwa kilikuwa mshahara wake wa miezi mitano. Usiku huo huo akahamishiwa hospitali ya serikali. Kwa mujibu wa sheria hapakuwa na kosa kubwa: dharura inahesabiwa kwisha pale hali inapotulia, na baada ya hapo mfuko unarudi kuzungumza.

Swali tunaloliona kuwa la maana lilitoka Cape Town. Mpaka mwanzoni mwa karne hii dharura haikuwa hata fani ya ubingwa. Ilitambuliwa hapa mwaka 2003. Kasualti ilikuwa mahali pa daktari mgeni kabisa kazini, tena mara nyingi peke yake. Foleni ilifuata aliyetangulia, au anayelia zaidi. Mwaka 2004 kundi la madaktari, wauguzi na watu wa magari ya wagonjwa lilikaa chini kutunga kipimo, na Januari 2006 kikaanza kutumika katika Jimbo la Cape Magharibi. Baadaye kikaenea na kuitwa kipimo cha Afrika Kusini, na nchi nyingine za Afrika zikakichukua.

Kinavyofanya kazi ni rahisi hata fundi anakielewa, na hapo ndipo uzuri wake. Nesi anapima mambo saba: kama mgonjwa anatembea, anasaidiwa au amebebwa, anapumua mara ngapi kwa dakika, mapigo ya moyo, presha, joto la mwili, kama yuko macho na anaitika, na kama ameumia. Kila kimoja kinapewa alama, kisha zinajumlishwa. Zikifika 7 au zaidi ni nyekundu, anaonwa papo hapo. Tano au sita ni rangi ya chungwa, ndani ya dakika 10. Tatu au nne ni njano, ndani ya saa moja. Chini ya hapo ni kijani, hadi saa 4. Zipo pia dalili zinazompandisha mtu bila kujali alama: mwenye maumivu ya kifua huwekwa chungwa hata kama alikuja kwa miguu yake. Bluu ni ya aliyekwisha fariki.

Rangi tena, msomaji atasema, na ni kweli. Ila safari hii inatokana na pumzi.

Hata hivyo kipimo hakiongezi kitanda. Wengi hulaumu mlango, wanasema manesi wavivu, kumbe msongamano uko nyuma. Mgonjwa ameshaonwa, ameshaamuliwa alazwe, lakini wodi imejaa, basi anabaki kwenye machela kasualti siku nzima au zaidi, na machela aliyolalia ndiyo ambayo angelalia mwingine. Tangi likizibwa kwenye mdomo wa kutokea, kupanua mdomo wa kuingilia ni kazi bure. Tena hospitali kubwa za hapa zimerithi mpango wa zamani ambamo majeruhi wana mlango wao, wenye homa na moyo wao, na watoto wao, kwa hiyo mtu mwenye matatizo mawili anaweza kutembezwa. Soweto haikupata hospitali nyingine ya serikali hadi mwaka 2014, ilipofunguliwa ile ya wilaya kule Jabulani, iliyopewa jina la Bheki Mlangeni, wakili aliyeuawa mwaka 1991 kwa bomu lililofichwa ndani ya vipokea sauti vya redio ya kaseti.

Jinsi mtandao wote ulivyo mwembamba tulionyeshwa tarehe 16 Aprili 2021. Lile jumba la Parktown, ambalo tangu mwaka 2008 linaitwa Charlotte Maxeke, liliungua. Moto ulianzia ghalani, wagonjwa 700 hivi wakahamishwa, sehemu ya maegesho ya magari ikaporomoka. Iliripotiwa kwamba viungio vya mabomba ya zimamoto vya jengo havikuingiliana na mipira ya magari ya zimamoto. Kwa mhandisi hiyo ni habari ya kuumiza kuliko moto wenyewe. Idara yake ya dharura ilikaa imefungwa zaidi ya mwaka mmoja, hadi 2022, madaktari wakipaza sauti hadharani. Mzigo wake ukaangukia Helen Joseph na Bara, ambazo zilikuwa zimejaa tangu zamani.

Na sasa limerudi swali la karatasi. Agosti 2022 watu wa Operation Dudula walisimama kwenye lango la hospitali ya Kalafong, Pretoria, wakiwazuia wageni. Mwaka 2025 wakahamia kwenye kliniki, hapa Johannesburg na kwingineko, wakidai vitambulisho. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliwapiga marufuku kudai vitambulisho vya watu na kuzuia watu wasifike kwenye huduma. Tumesikia baadhi yetu wakisema kliniki si dharura. Mwenye kisukari anayekosa dawa mlangoni pa kliniki mwezi huu ni yule yule atakayebebwa kasualti mwezi ujao akiwa mwekundu, na wodi ile ile iliyojaa itamngoja.

Kwa walio wageni mjini: gari la wagonjwa la serikali ni 10177, na kwa simu ya mkononi 112 inafanya kazi pia. Ukifika mezani, taja kwanza tatizo la mwili, nyaraka zifuate. Uliza umepewa rangi gani. Na ikiwa umekaa muda na mgonjwa wako amebadilika, anahema zaidi au haitiki kama mwanzo, usigombane na askari wa mlangoni; mwendee nesi, umwombe apime upya, kwani alama za saa mbili zilizopita si za sasa.