Kutu, Kimbunga na Hatima ya Reli Fupi: Funzo la Daraja la Kinzua

Tarehe 21 Julai 2003, kimbunga kilipita katika bonde la Kinzua, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Katika muda wa nusu dakika hivi, minara 11 kati ya 20 ya daraja kongwe la reli ililala chini. Makala haya yanadai kuwa upepo ulikamilisha tu kazi iliyoanzwa na kutu, na kwamba reli iliyolitegemea daraja hilo ilianguka pamoja nalo.

Daraja la kwanza lilijengwa kwa chuma mwaka 1882, kwa siku 94, ili kusafirisha makaa ya mawe, mbao na mafuta. Pasipo daraja, reli ingezunguka kilomita 13 zaidi katika ardhi mbaya. Garimoshi zilipozidi uzito, daraja lilijengwa upya kwa chuma cha pua mwaka 1900, likiwa na kimo cha mita 92 na urefu wa mita 625. Hata hivyo, sehemu za viungio vilivyoishikiza minara kwenye misingi ya mawe zilikuwa zile zile za mwaka 1882. Uamuzi huo mdogo wa kubana matumizi ulisubiri miaka 103 kudai malipo yake.

Treni za mizigo zilikoma mwaka 1959. Mfanyabiashara wa vyuma chakavu aliyelinunua daraja hakuwa na moyo wa kulibomoa, na mwaka 1963 serikali ya jimbo ikalitwaa. Kuanzia mwaka 1987, kampuni ndogo ya Knox and Kane ilipeleka watalii darajani. Mwaka 2002 wakaguzi walizuia treni kulivuka, na matengenezo yakaanza Februari 2003. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulikuwa ukizibwa ukuta ulipoanguka.

Kulijenga upya kulikadiriwa kugharimu dola milioni 45. Serikali ilichagua kuyaacha magofu yalivyo, na mwaka 2011 ikafungua njia ya watazamaji juu ya minara iliyosalia. Kwa hiyo eneo lilipata uhai mpya, lakini si reli: kampuni ilikwisha kusitisha safari, na mali yake ikauzwa kwa mnada mwaka 2008.

Suala hili si geni Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Kimarekani ya American Bridge ilitengeneza madaraja 27 ya chuma kwa ajili ya Reli ya Uganda. Panapojadiliwa mustakabali wa matawi ya reli za kikoloni, swali la kwanza lisiwe idadi ya abiria pekee, bali pia hali ya kiungio kisichoonekana, na ni nani mwenye wajibu wa kukikagua kabla ya upepo.