Mkomani, Langoni na Maji ya Shela

Sisi watu wa Amu hatuhitaji mji wa mbali ili tupate wa kushindana naye. Mji wetu wenyewe tumeugawa pande mbili, Mkomani kaskazini na Langoni kusini, na Mwamu akikutana na mwenzake Mombasa au Nairobi, baada ya salamu huja swali la mtaa.

Jambo hili ni la kale. Masimulizi ya wazee yanataja makundi mawili, Zena na Suudi, yaliyopokezana uongozi wa mji kila baada ya miaka minne. Waliobuni mpango huo walikuwa na akili. Aliyekaa kitini alijua atashuka, na anayempokea ni jirani yake.

Si kila mara ushindani ulikuwa mzaha. Karibu mwaka 1812, Pate na Wamazrui wa Mombasa walileta jeshi hadi ufuo wa Shela. Hivyo ndivyo vita vya Kuduhu, na Amu ikashinda. Lakini wazee wetu, kwa kuhofia kisasi, walimwomba Seyyid Said wa Oman awalinde. Liwali wake akaja, na ngome iliyo katikati ya mji ikakamilika mwaka 1821. Tulimshinda jirani tukajipatia bwana. Kilichobaki kizuri katika ugomvi ule ni mashairi, maana malenga walipigana nao kwa njia yao, Muyaka bin Haji akiisemea Mombasa na Zahidi Mngumi akiisemea Amu. Mashairi yao yanasomwa mpaka leo, na wajukuu wa pande zote mbili wameoana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mashindano yalihamia kwenye beni. Mkomani na Langoni walishonesha sare, wakatafuta matarumbeta, wakaandamana barabarani na kulishana karamu ili upande wa pili uone haya. Fedha nyingi ziliishia sufuriani. Hatuwacheki: mtu aliyekataa kumchangia jirani mwenye shida alitoa mara moja alipoambiwa kuwa upande wa pili umekwisha kutoa.

Langoni ilikuwa na jibu jingine. Mkomani ilijivunia majumba ya mawe na milango ya nakshi, wakati Langoni kulijaa nyumba za udongo na makuti. Huko ndiko Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alikofundisha wasiokuwa na jina wala mali, na ndiko ulikosimama Msikiti wa Riyadha. Maulidi yake huvuta wageni kutoka pwani nzima. Mkomani nao huja, na hukaa mbele.

Mwaka huu tunawaandikia kwa ajili ya jambo lisilojua mtaa. Maji ya mji wa Amu yanatoka visimani Shela. Mvua huzama katika vilima vya mchanga, ikakaa chini juu ya maji ya chumvi, nasi tukaichota. Vilima hivyo vikijengwa, mvua haina pa kuzama, na tukichota kupita kiasi bahari inapanda kisimani. Kisima kikishaingia chumvi hakirudi upesi. Watu wa Shela, ambao wengi wao asili yao ni Takwa huko Manda na hawapendi kuhesabiwa mtaa wetu, ndio wanaoishi kando ya vilima hivyo. Tuliopigania ufuo wao miaka 200 iliyopita leo tunakunywa kwao.

Kwa hiyo mchango wa mwaka huu ni wa kuulinda mchanga huo. Tulijadiliana kama tuandike orodha moja ya wachangiaji, na wengi wakakataa kwa kuwa wanajuana. Fomu ziko ukurasa unaofuata: Mkomani mkono wa kulia, Langoni mkono wa kushoto, Shela juu ya wote, kwa sababu kisima ni chao.