Gluteni, Siliaki na Mlo wa Mgonjwa

Chukua donge la unga wa ngano uliokandwa kwa ajili ya chapati, ulioshe taratibu chini ya maji ya bomba. Wanga utatoka na maji meupe, na mkononi kitabaki kitu cha kijivu kinachonata na kuvutika kama mpira. Hiyo ndiyo gluteni, protini ya ngano, na jamaa zake wa karibu wamo katika shayiri na rai. Neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake gundi. Wapo wanaopenda kuiita "gundi ya ngano", lakini jina hilo linaiacha shayiri nje, na mgonjwa akilifuata ataumia. Heri tulitohoe tu: gluteni.

Ugonjwa unaohusika ni siliaki. Wengi huuita mzio wa ngano, nami nasema hilo ni kosa. Mzio wa ngano upo, nao ni ugonjwa mwingine. Katika siliaki, gluteni ikifika kwenye utumbo mwembamba, kinga ya mwili huugeukia utumbo wenyewe na kuushambulia. Vijinyama vinavyofyonza virutubisho husinyaa na kulala. Basi damu hupungua, mifupa hudhoofika, mtoto hudumaa ingawa anakula vizuri. Wapo wasioharisha kabisa, kumbe utumbo unaendelea kuharibika.

Aliyeonyesha kwamba chanzo ni ngano ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Hadi leo hakuna dawa iliyochukua nafasi ya chakula. Ndiyo maana "mlo usio na gluteni" ni tiba, tena ya maisha yote. Mara nyingi mgonjwa hupata nafuu ya tumbo ndani ya majuma machache, na mtoto huanza kuongeza uzito na kimo. Utumbo hupona polepole zaidi. Kwa watu wazima huweza kuchukua miaka.

Maneno "usio na" nayo yana kipimo. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu miligramu 20 kwa kilo ya chakula, yaani gramu 1 katika gunia zima la kilo 50. Ugali wa mahindi, wali, muhogo, ndizi, mtama na ulezi havina gluteni kwa asili, na hiyo ni neema kubwa kwa mgonjwa wa Afrika Mashariki. Lakini mtama uliosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, au muhogo uliokaangwa katika mafuta ya maandazi, haufai tena kwake. Unga wa lishe nao mara nyingine huchanganywa na ngano, kwa hiyo muulize muuzaji.

Ukishuku una siliaki, usiache ngano kwanza. Nenda ukapimwe damu ungali unaila, kwa sababu ukishaiacha, kipimo kinaweza kuonyesha huna ugonjwa ilhali unao.