Mpya ndani ya kuukuu

Ndugu msikilizaji, nawe unayesoma haya gazetini kwa sababu umeme ulikatika kwenu kabla sijamaliza kusema, wiki hii nataka tuzungumze juu ya haraka ya kupata vitu vipya. Nitaanza kwa kukiri kosa. Mwaka 2004 niliiua kompyuta yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Sikuidondosha wala sikuimwagia chai.

Ilikuwa kompyuta ya mtumba, na ndani yake niliweka Linux ya mkusanyiko uitwao Debian, toleo la 3.0, lililopewa jina la Woody. Ilifanya kazi bila kulalamika. Tatizo lilikuwa barua nilizoletewa na wenzangu. Ziliandikwa kwa programu mpya ya OpenOffice, na Woody haikuwa nayo. Basi nikaongeza mstari mmoja katika faili linaloiambia kompyuta ikachukue wapi programu zake, nikaielekeza kwenye hazina ya vitu vipya kabisa. Nilitaka programu moja tu. Ikaja na ukoo mzima. Ilidai maktaba mpya ya lugha ya C, ile ambayo karibu kila kitu katika mashine huitegemea, nayo maktaba ikadai hiki, hiki kikadai kile. Usiku kucha laini ya simu ya mezani ilikuwa kazini. Asubuhi mashine iliwaka, ikaandika mistari mitatu ya lawama, ikanyamaza. Bili ya simu ya mwezi ule tusiizungumzie.

Nililaumu Debian kwa ukale wake. Baadaye, nilipoisoma historia yake, niliona kwamba sikuwa nimeelewa nimekabidhiwa kitu gani.

Linux yenyewe, aliyoianzisha Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, ni kiini tu. Ili mtu aandike barua au apige hesabu, kiini hicho lazima kiwekwe pamoja na mamia ya programu zilizotungwa na watu wengine. Kazi ya kuzikusanya na kuzipatanisha ndiyo aliyoianza Ian Murdock, mwanafunzi wa miaka 20 katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, tarehe 16 Agosti 1993. Jina alilitunga kwa kuunganisha la mchumba wake, Debra, na lake. Mikusanyiko ya wakati ule ilitengenezwa kwa pupa, naye alitaka ule utakaotunzwa kwa uangalifu na watu wengi, kila mmoja akiwa mlezi wa vifurushi vyake.

Wasomaji wenye kumbukumbu watauliza Debian 1.0 ilitoka lini. Haikutoka kamwe. Mwishoni mwa 1995 kampuni moja ya kuuza sidii ilichukua kazi ambayo haijakamilika, ikaichapa na kuiita toleo la 1.0. Wenyewe, kwa kuogopa kuwachanganya watu, wakaliruka jina hilo, wakatoa 1.1 mwezi Juni 1996, ikiwa na vifurushi 474. Kiongozi wao wakati huo, Bruce Perens, alikuwa mfanyakazi wa Pixar, waliotengeneza filamu ya katuni ya Toy Story, na tangu hapo kila toleo hupewa jina la mhusika wa filamu hiyo. Hazina ya vitu vipya kabisa, ile niliyoichokoza, inaitwa Sid. Katika filamu Sid ni mtoto wa jirani anayevunja wanasesere. Hawawezi kusema hatukuonywa.

Sasa tuingie ndani ya nyumba hiyo, maana ina vyumba vitatu. Kifurushi kipya huingia kwanza kwa Sid. Kikikaa siku kadhaa bila kuonekana kasoro kubwa, huhamia chumba cha pili, cha majaribio, kilichoanzishwa mwaka 2000. Baada ya muda chumba hicho hugandishwa, yaani vipya haviingii tena, na watu huondoa kasoro tu mpaka waridhike. Ndipo kinapotangazwa kuwa toleo imara. Na toleo likishakuwa imara, kimsingi namba za programu zake hazisogei. Ikigundulika tundu la usalama, walezi huchukua lile ziraka dogo kutoka kwenye programu mpya na kulishona kwenye programu ya zamani. Tabia ya mashine haibadiliki. Kwa mtu anayeendesha hospitali au benki jambo hilo ni uhai, kwa sababu programu iliyofanya kazi jana usiku itafanya kazi hivyo hivyo kesho asubuhi.

Lakini ugumu wake nao ni wa kweli. Woody ilitoka tarehe 19 Julai 2002 ikiwa imekwisha zeeka. Kiini ilichoweka kwa kawaida kilikuwa cha mfululizo wa 2.2, ingawa 2.4 ilitoka Januari 2001. Mazingira yake ya KDE yalikuwa ya 2.2, na KDE 3 ilikwisha toka miezi michache kabla yake. Halafu watu wakangoja toleo lililofuata, Sarge, kwa karibu miaka mitatu, hadi tarehe 6 Juni 2005. Chanzo hakikuwa uvivu. Waliamua kuandika upya kabisa programu ya kusimika mfumo, na mitambo ya kusambazia maziraka ya usalama nayo ilichelewa. Mkusanyiko ulikuwa umevuka vifurushi 15,000, na walezi wengi walikuwa wanajitolea.

Nasi tulikuwa na jambo letu katika ngojangoja hiyo. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Fikiri wewe ni mwalimu uliyesubiri miaka yote kuona kompyuta ikisema nawe kwa lugha yako, na mfumo wako imara ni wa mwaka 2002. Kutaka kipya hapo hakukuwa anasa hata kidogo.

Wenye haraka walitawanyika. Wapo waliohamia kwa Sid na kuishi na dharura zake. Wapo waliokwenda Ubuntu, iliyotoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambaye miaka ya tisini alikuwa mmoja wa walezi wa Debian na mwaka 2002 alisafiri hadi kituo cha anga za juu. Ubuntu ilichukua mali ya Debian na kuahidi toleo jipya kila baada ya miezi 6. Jina lake msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa, kwani ndilo utu wetu.

Kundi la tatu ndilo lililoniokoa. Baadhi ya watengenezaji wa Debian, nje ya hazina rasmi, walianza kutoa vilivyoitwa bakipoti. Ufundi wake ni huu. Badala ya kuleta programu mpya ikiwa imekwisha shonwa kwa kitambaa cha nyumba nyingine, unachukua ramani yake, yaani matini asilia aliyoandika mtunzi, unaishona upya kwa kitambaa kilichopo katika nyumba yako kuukuu. Gauni linakuwa la mshono wa mwaka huu, uzi na kitambaa ni vya zamani, na hakuna anayekuja kubomoa kuta. Laiti ningelijua hilo kabla ya usiku ule wa simu! Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinisimikia Woody upya, akaweka OpenOffice ya bakipoti juu yake, akaniomba soda tu.

Mwezi Septemba 2010 Debian waliipokea huduma hiyo rasmi, na tangu toleo la 7 mwaka 2013 imo ndani ya hazina kuu. Masharti yake ni ya kiungwana. Kwa kawaida kinachoingia ni kile kilichokwisha fika chumba cha majaribio. Wala hakuna kinachojisimika chenyewe, bali ni lazima ukiitaje kwa jina, kimoja kimoja. Na wanakuambia wazi kwamba vifurushi hivyo havipati ulinzi ule ule unaopewa toleo imara.

Hata hivyo kuna programu zisizokubali kukaa. Kivinjari cha intaneti ni mojawapo. Debian walikuwa wakishona maziraka kwenye Firefox ya zamani, na mwaka 2006 Mozilla ikawaambia kwamba atakayetumia jina lake lazima mabadiliko yake yaidhinishwe. Debian wakakibadilisha jina kivinjari, wakakiita Iceweasel, na jina hilo likadumu mpaka 2016. Lakini katikati ya hapo, mwaka 2013, walisalimu amri kwa jambo kubwa zaidi. Kushona maziraka kwenye kivinjari kizee kulikuwa kumewashinda, hivyo wakaanza kuingiza katika toleo imara matoleo mapya ya Firefox yale yanayotunzwa kwa muda mrefu. Mimi nawasifu kwa hilo. Kanuni waliitunga wenyewe, na walipoona haifai mahali hapo waliilegeza hapo tu.

Mgogoro wa 2016 ulinigusa zaidi. Jamie Zawinski, mmoja wa waliotunga Netscape ya kwanza, ndiye mwenye XScreenSaver, programu ya kuchora picha kwenye skrini iliyoachwa peke yake. Alichoka kupokea malalamiko juu ya kasoro alizokwisha ziondoa zamani, kutoka kwa watu waliokuwa na toleo la Debian. Akawa ameweka ndani ya programu onyo linalojitokeza lenyewe muda ukipita, likimwambia mtumiaji kwamba alichonacho ni kizee mno. Watumiaji wa Debian wakalalamika, naye akawataka walezi ama wasogeze toleo, ama waitoe kabisa programu yake. Namwelewa. Ni uchungu kulaumiwa leo kwa kosa ulilolirekebisha juzi. Lakini namwelewa pia yule mtu ambaye mashine yake ilikuwa nzima siku zote, ghafla ikamzomea.

Na ukale una siku zake za neema. Aprili 2014 lilipotangazwa tundu la Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano, wenye Debian 7 walikimbizana usiku kucha. Wenye Debian 6, iliyokuwa na OpenSSL ya mfululizo wa zamani zaidi, tundu hilo halikuwahusu, kwa kuwa lilikuja pamoja na upya.

Kisha ikaja tarehe 29 Machi 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujipendekeza katika utunzaji wa xz, programu ndogo ya kukandamiza mafaili. Alipoaminiwa, alificha mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na mikusanyiko ya Linux ikahimizwa iyachukue upesi. Kwa Debian yalikwisha ingia kwa Sid na katika chumba cha majaribio. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyekuwa akitumia Sid kwa kazi zake na kuona kwamba kuingia kwenye mashine kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao na kwenda kunywa kahawa. Toleo imara wakati huo lilikuwa bado na xz ya 5.4, na mlango haukulifikia.

Angalia lakini: aliyetuokoa alikuwa mtu wa Sid. Kama wote tungekaa katika chumba cha wazee, mlango ule ungesafiri nasi kimya kimya mpaka toleo imara lililofuata.

Murdock hakuyaona hayo. Alifariki Desemba 2015, akiwa na miaka 42. Toleo la 13, Trixie, lilitoka tarehe 9 Agosti 2025 likiwa na vifurushi zaidi ya 69,000, na ndilo ninaloandikia maneno haya. Lote ni imara, isipokuwa kiini, ambacho nimekichukua kutoka bakipoti kwa kuwa binti yangu aliniletea kompyuta ambayo redio yake ya mtandao kiini cha kawaida hakikuitambua. Nilikitaja kwa jina, kimoja, nikabonyeza, nikangoja kama mshitakiwa anayengoja hukumu. Ikawaka.

Wiki ijayo, panapo majaaliwa, nitajibu barua zenu juu ya betri za simu.